Kigelegele cha mama chini ya mvua

Kigelegele cha mama hakijatoka masikioni mwangu.

Alikipiga kwenye harusi ya dada yangu, hapa Butembo, mvua ikigonga mabati ya kanisa. Baadaye alipasuliwa koo. Siku hizi ananong'ona tu.

Leo dada alipiga simu kutoka Beni kuhusu rekodi ya harusi ile: "Toa iyi mvua mu audio, inatusumbua!"

Nikatumia kichujio cha wastani kwenye kompyuta. Kila namba ya sauti inachanganywa na jirani zake, makelele yanalainika.

(Mliosomea haya, chekeni polepole.)

Mvua ikafifia. Kigelegele nacho kikafifia, kwa kuwa kichujio hicho hufuta chochote kinachotetemeka upesi.

Nikamsikilizisha mama. Akanong'ona, akiniita mama kama kawaida yake: "Sababu ya nini umenifunika na blanketi, mama?"



Nimeshaifuta hiyo kazi. Dada nimemrudishia rekodi ile yenye mvua.