Jiko Lililowaka Siku ya Msalaba wa Baba Mkwe

Aibu yangu wengi mmeshaisikia kwa midomo ya watu, na huku kwetu Vudee habari ikishapita kwenye migomba mitatu minne hurudi imeota mapembe, kwa hiyo leo acheni niisimulie mwenyewe. Ndiyo, ni mimi niliyesimama mbele ya mchungaji, wazee wa kanisa na wajomba wa mume wangu nikiwa na gagulo, uso mweusi kama chungu cha makande, mama mkwe wangu mgongoni. Waliosema nilikuwa nimelewa walisema uongo. Waliosema nilikaribia kuua mtu, hao hawakukosea, na ndiyo maana hata ninyi mnaotabasamu sasa hivi mtaniona mimi sitabasamu sana.

Nyumba yetu ina jiko la kuni la matofali lenye dohani, ile ambayo sisi tunaiita bomba la moshi tu, inapanda kutoka jikoni, inapita darini, inatokeza juu ya bati. Alilijenga baba mkwe, marehemu Mzee Elifuraha, alipochoka kumwona mke wake akitoka kwenye mafiga kila asubuhi macho mekundu. Yeye ndiye aliyelijenga na yeye ndiye aliyekuwa akilisafisha. Masika yakiisha, kabla baridi ya mwezi wa sita haijatukalia, anaegemeza ngazi, anapanda na fagio lake alilolifunga kwenye ufito mrefu, anasugua mpaka masizi yanashuka puu! jikoni, na sisi wanawake tunalalamika kwamba ametuchafulia. Kabla ya Krismasi anapanda tena. Na mwaka ukiwa wa mvua nyingi, kuni zikawa mbichi, hakungoja hata hiyo Krismasi, kila mwezi anachungulia, anakwaruza kwa msumari, na akikuta masizi yamefika unene wa sarafu siku hiyohiyo anapanda.

"Masizi ni kuni zilizokataa kuungua," alikuwa akisema. "Hazijakwenda popote. Zimekaa humo zinangoja."

Tulikuwa tunamsikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Basi Mungu akamchukua. Tukazika, na baada ya msiba kazi zake zikagawanywa, ng'ombe wakaja kwa mume wangu, kahawa na migomba ya bondeni ikaenda kwa shemeji, hata kiti chake cha uzee wa kanisa kikapata mtu. Bomba la moshi halikupata mtu. Si kwamba tulikaa tukaamua liachwe, hapana, hakuna aliyeamua chochote. Tulilia, tukafuta machozi, tukaendelea kupika. Krismasi ikapita, masika yakapita, na ule mwaka mvua haikutaka kukatika, tukawa tunachoma kuni zinazotoa povu kwenye ncha, moshi mzito, na mimi nikawa nafungua dirisha na kusema ni ukungu.

Ukoo ulipopanga siku ya kuweka msalaba kwenye kaburi, nikasema mimi mke wa mtoto mkubwa siwezi kupokea wageni kwenye jiko jeusi. Nikamsumbua mume wangu, Baba Neema, mpaka akanunua rangi, tukapaka jiko jeupe, jeupe kweli, nikatundika na pazia la maua. Nikashonesha sketi ya lesi kule Same mjini. (Nawaambia hivi mjue kwamba kichwa kilikuwa kimeshaanza kuvimba.)

Siku moja kabla ya siku yenyewe, wifi yangu Naetwe, dada wa mume wangu anayeishi Same, akaingia jikoni akaanza kukohoa.

"Wifi, huu moshi unarudi ndani. Bomba lilisafishwa lini?"

"Ni baridi tu, likipata moto litavuta."

"Baba angekuwa ameshapanda."

"Baba hayupo, wifi," nikamjibu, na nikaona uso wake ulivyobadilika, nikajua nimemkata. Nikajitahidi kulainisha. "Ukuta huu umepakwa rangi juzi. Tukikwangua sasa hivi masizi yatamwagika kila mahali, na wageni kesho. Wakishaondoka tu, tutalisafisha."

Hakunibishia. Huo ndio uamuzi wenyewe, jamani, mdogo hivyo, kwa ajili ya ukuta.

Asubuhi watu wakaanza kupanda kutoka pande zote. Chakula cha watu wengi kilikuwa kinapikwa nje kwenye mafiga, na mama zetu wa mtaa walikuwa wameishika kazi hiyo vizuri. Mimi nikang'ang'ania kwamba chai ya mchungaji na ndizi nyama za wazee zitapikwa ndani, kwenye jiko la baba, ili watu waone nyumba haijaanguka. Lakini jiko halikutaka. Moshi ukawa unanirudia usoni, maji yamekaa tu yamenitumbulia macho, na huko nje nikasikia wimbo wa kwanza umeanza, maana yake ibada imeanza kaburini na mimi sina hata kikombe cha chai. Nikatoka mbio nyuma ya nyumba nikakusanya matawi makavu ya msonobari, yale yenye utomvu, nikayasokomeza yote mdomoni mwa jiko.

Yalishika mara moja. Moto ulipanda vizuri, moshi ukafutika, nikasema asante Yesu, nikageuka kukata vitunguu.

Ndipo nikasikia sauti. Kwanza kama upepo, halafu kama lori lililobeba mbao linapanda mlima kwa gia ndogo, na ilikuwa inatoka ndani ya bomba. Nikatazama juu nikaona lile bati la bomba linabadilika rangi karibu na dari, linakuwa jekundu, na rangi yangu nyeupe inajikunja na kudondoka kama ngozi. Nikaelewa papo hapo kwamba moto si wa jikoni tena, moto uko humo ndani ya masizi.

Sasa mtu mwenye akili angepiga kelele. Hatua chache kutoka pale kulikuwa na wanaume wazima wengi wa kujaza kanisa. Mimi niliwaza nini? Niliwaza mchungaji anaomba. Niliwaza wakwe watasema nini. Nikafunga mlango wa nje wa jiko ili wasione, nikafunga na dirisha, halafu nikachukua beseni la maji ya kuoshea vyombo nikalimwaga lote ndani ya jiko.

Msije mkafanya hivyo hata siku moja. Jiko lilipasuka kwa mlio, matofali yakaachana, majivu ya moto na mvuke vikanirukia, na ule moshi uliokuwa unapanda juu sasa ukapata njia ya kutoka ubavuni, mweusi, mzito, ukaingia koridoni kuelekea vyumbani. Cheche zikakamata sketi ya lesi. Lesi haiungui kama kitambaa kingine, inayeyuka, inakuganda mwilini. Niliichana na kuivua kwa mikono miwili nikaitupa chini nikaikanyaga.

Mlango wa nje ukagongwa kwa nguvu. Nilipoufungua alikuwa Naetwe, ameona moto unatoka juu ya bati kama mwenge.

"Mama yuko wapi?" akapiga kelele.

"Si yuko kaburini?"

"Wifi! Nimemwingiza ndani mimi mwenyewe, magoti yalimchosha! Yuko kitandani!"

Chumba cha mama mkwe kinapakana na jiko.

Sikumbuki kuvuka koridoni. Nakumbuka nilikuwa natambaa kwa sababu juu hakukuwa na hewa, na nakumbuka nikimwita, "Mama! Mama!" na yeye hajibu. Nilimkuta sakafuni, kati ya kitanda na mlango, amejifunika kanga mdomoni. Alikuwa amejaribu kutoka, akaanguka. Nikampandisha mgongoni. Mama yule ni mwepesi, wepesi wake ulinitisha kuliko moto. Nikatoka naye kwa mlango wa mbele, ule unaotazama kaburi.

Wimbo ulikatika katikati. Watu wote waligeuka, mchungaji na joho lake, wajomba na kofia zao mkononi, kwaya, na mimi mbele yao na gagulo, magoti yanachuruzika damu, nimembeba mkwe wangu ambaye kwa desturi sipaswi hata kumkalia kitanda chake. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mjomba mkubwa aligeuza uso pembeni kwa heshima, na heshima ile iliniunguza kuliko majivu. Mama mmoja akanirushia kanga.

Kisha wanaume wakakimbia. Mume wangu alipanda ngazi na magunia yaliyoloweshwa, mwingine akaingia na ndoo ya maji, na mjomba akamzuia kwa sauti kubwa, "Acha maji! Ziba mdomo wa jiko, unyime hewa!" Mchanga wa karibu ulikuwa mmoja tu, ule uliorundikwa kaburini pamoja na zege lililokwisha kukorogwa kwa ajili ya kusimamisha msalaba. Wakauchota, wakalichota na zege, wakaliziba jiko la Mzee Elifuraha kwa vifaa vya kaburi lake, na msalaba ukabaki umelala kwenye majani ya migomba. Kenchi mbili za paa zilikuwa zimeshaungua na mabati ya upande ule yakang'olewa, lakini nyumba ilisimama.

Mama tulimteremsha Same kwa gari la jirani. Barabara yenyewe mnaijua ile, kona juu ya kona, na kila kona alikohoa, kichwa chake kiko mapajani mwangu, na mume wangu mbele hakugeuka hata mara moja kunitazama. Hospitalini wakamwekea hewa puani. Naetwe alikaa upande mmoja wa kitanda na mimi upande wa pili, na hakusema, "Si nilikwambia." Hakulisema siku ile na hajalisema mpaka leo. Niliwahi kumwomba alitamke tu liishe, akanijibu, "Wifi, ningeweza kuchukua ngazi mwenyewe."

Mama alipopata nguvu ya kuongea nilipiga magoti pale kwenye sakafu ya wodi, watu wakitazama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Inuka."

"Mama, nisamehe. Nilikuwa naona lile bomba halivuti. Niliona."

Kisha akasema, taratibu, kwa sababu pumzi ilikuwa bado fupi, "Hata mimi nilikuwa naona. Kila asubuhi nilikuwa nauona ule moshi. Nikawa nasema kesho nitawaambia. Lakini nilijua nikisema, mtu atachukua ngazi, na nikishamwona mtu mwingine pale juu ya bati, basi. Ndiyo nitajua kweli hayupo."

Nililia, na yeye akaniwekea mkono kichwani, mkono bado una masizi kwenye kucha.

Msalaba ulisimamishwa baadaye, yeye akiwepo kwenye kiti, bila chai ya ndani na bila ndizi nyama za kujionyesha. Jiko tukalijenga upya. Kikohozi kimembakia, baridi ikija humsumbua, na kila akikohoa mimi nasimama nilipo.

Sasa hivi anayepanda ni mimi. Ndiyo, mwanamke juu ya bati, nimevaa suruali ya mume wangu, na wapita njia wa Vudee wananiuliza kama nimepoteza kuku. Napanda masika yakiisha na napanda kabla ya Krismasi, na kuni zikiwa mbichi nachungulia kila mwezi, sisubiri moshi unirudie ndipo nianze kukumbuka. Msonobari siuingizi jikoni kabisa. Mara ya kwanza nilipopanda, Mama alitoka akakaa uani, akanitazama tangu nilipokanyaga ngazi mpaka nilipomaliza, machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

Kwa hiyo mkiniuliza bomba la moshi lisafishwe mara ngapi, nimewajibu. Ila mimi naondoka na swali lingine, na ninyi nendeni nalo: nyumbani kwenu kuna kazi gani aliyokuwa akiifanya marehemu peke yake, bila kuombwa, na sasa hivi hakuna mtu anayeifanya? Ulizaneni leo mkiwa mezani. Na atakayelia wakati wa kuulizana, mwacheni alie, lakini msinyamaze kwa sababu yake.