Kuku wa Korogwe

Hasira bado ninazo, na nyingi zinanihusu mwenyewe. Nilikuwa Same nakata tiketi ya haya mabasi mapya ya watu binafsi, yenye video, mkata tiketi akaniuliza kama nitaongeza hela nipate wali kuku na soda njiani. Miaka yote ya foleni za sukari imetosha, nikajiambia, na mimi nistarehe. Nikalipa. Ndani ya basi, makande aliyonifungia mke wangu kwenye bakuli nikamsukumia mama niliyeketi naye, tena kwa dharau.

Tukapita Makanya bila hata soda. Mbele kidogo nikasimama, nikamfokea kondakta basi zima likisikia.

"Kuku wangu yuko wapi? Mnatuona washamba?"

"Shikamoo, mzee."

Sikuitikia.

"Unashuka wapi, mzee?"

"Hedaru."

"Chakula tunagawa Korogwe, mzee. Hedaru ndiyo hii tunaingia."

Basi likasimama. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikiwa mlangoni, yule mama akanipitishia bakuli langu, tupu.

"Asante, baba. Mkeo anajua kupika."