Magoli Saba Aliyoyakusanya Mjomba

Nilicheza mpira wa kulipwa nchini Denmark kwa misimu kumi na mmoja, na katika misimu yote hiyo nilifunga magoli sita. Nayasema haya mapema ili asiyeijua kazi yangu asije akanihurumia bure. Mimi nilikuwa kiungo mkabaji, yule anayesimama mbele ya mabeki, akaupokea mpira na kumpa mwenzake mwenye nafasi. Kazi hiyo ukiifanya vyema, hakuna linalotokea. Wapinzani hawafiki langoni, wenzako hawapotezi mpira, na mtazamaji aliyekwenda kununua chai akirudi haulizi alichokikosa.

Nilizaliwa huko huko Denmark, katika mji wa bandari upande wa Jutland, ambako baba yangu, Mpemba aliyekuwa fundi wa injini za meli, alipata kazi akabaki. Mama ni mtoto wa Unguja mjini. Nyumbani tulisema Kiswahili, tukifika mlangoni tunakiacha. Nilipokuwa na miaka kumi na minne, kocha wetu wa watoto, mwanamume aliyeuza samaki asubuhi na kufundisha mpira jioni, alinishika bega nimelowa matope tele, akaniambia niache kuukimbilia mpira.

"Tazama kwanza nyuma yako," alisema, "halafu kushoto, halafu kulia. Mpira utakuja wenyewe."

Nikaifanya hiyo ndiyo riziki yangu. Nilisaini mkataba nina miaka kumi na tisa. Klabu yangu ya kwanza tulipanda daraja la juu, tukakaa misimu miwili, tukashuka. Kisha makocha wakaanza kubadilika, na kila anayekuja ana fikra yake. Mmoja alinitaka niwe beki wa kulia. Mwengine aliniazima kwa klabu ya kisiwani nisikojua mtu. Huko kano ya kisigino ikakatika, nikakaa miezi tisa natazama wenzangu kupitia dirisha la chumba cha mazoezi. Niliporudi sikuwa mbaya, ila nilikuwa nimechelewa nusu hatua, na katika kazi ile nusu hatua ndiyo kazi yenyewe. Nilipotimiza miaka thelathini na moja, majira yote ya usajili yalipita simu yangu haikulia.

Ilipolia, alikuwa mjomba. Ni kaka mkubwa wa mama, aliyetoka Unguja ujana wake akafanya kazi serikalini Oman mpaka akastaafu. Siku hizi anaishi huko huko na mkewe, katika mji wa Ibra.

"Njoo huku," aliniambia. "Nimeshazungumza na watu wa klabu. Wanakutaka."

"Wameniona wapi, mjomba?"

"Wamekuona, wamekuona. Wewe njoo tu."

Nilikwenda. Nilifika mwezi wa nane, joto limekaa juu ya mji kama sufuria iliyofunikwa. Mjomba alikuwa amewaalika jirani zake watano, wamekaa sebuleni na sinia la tende na birika la kahawa. Nilimwamkia, "Shikamoo, mjomba," akaitika "Marahaba, mwanangu," akanigeuza niwatazame wageni.

"Huyu ndiye nambari kumi wetu," aliwaambia kwa Kiarabu, halafu akanirudia kwa Kiswahili, "nimewaambia wewe ni hatari."

Nambari kumi ni yule anayecheza nyuma ya mshambuliaji, anayetegemewa kutengeneza magoli na kuyafunga. Mimi maisha yangu yote nilivaa sita, nambari ya mkabaji. Nilidhani mzee amechanganya nambari, nikacheka. Jirani mmoja akaniuliza nacheza kama nani. Mkaza mjomba, yaani mke wa mjomba, akapitisha kichwa mlangoni akauliza kiungo ni kitu gani, maana yeye viungo anavyovijua ni vya pilau. Tukacheka sote, na mimi sikuliweka jambo lile moyoni.

Kwenye mazoezi ya kwanza nikapewa fulana ya nambari kumi. Kocha, Mtunisia mwenye sauti nyembamba, alinionyesha pa kusimama: mbele kabisa, mgongo wangu kwa lango la wapinzani. Nilimwambia kwa Kiarabu changu cha kuokoteza kwamba mimi ni wa nyuma. Akaitikia kwa kichwa kama aliyesikia, akapuliza kipenga, mazoezi yakaendelea.

Sijui nitamwelezaje mtu asiyecheza mpira namna ilivyokuwa. Miaka kumi na saba nilizoea kuuona uwanja mzima mbele yangu. Sasa niliupokea mpira nimeupa uwanja kisogo, beki ananipumulia shingoni, na kila nikigeuka nakuta mguu wa mtu. Nikafanya nilichokijua, nikaurudisha nyuma. Jukwaani watu wakaguna. Nikaurudisha tena, wakaanza kupiga miluzi. "Shuut! Shuut!" walikuwa wakipiga kelele, na katikati ya Kiarabu kile sauti moja ya Kiswahili ikinijia safi kama iko sikioni: "Piga golini, we mtoto! Piga! Unamrudishia nani?"

Alikuwa mjomba. Hakukosa hata mechi moja. Matusi ya wengine niliweza kujifanya siyasikii, lakini yake niliyaelewa herufi kwa herufi.

Mechi saba za kwanza sikufunga. Ya nane tulikwenda kucheza kusini mwa Nizwa tukafungwa mawili kwa moja, na mimi nilikosa goli ambalo hata kipa wetu angelifunga. Tukarudi na basi jua likizama. Meneja wa timu, mtu mpole aliyekuwa akitugawia maji na jezi, akaja kukaa kiti cha pembeni yangu. Akafungua simu yake akaniwekea mapajani.

"Nataka uniambie jambo moja," alisema kwa Kiarabu cha taratibu ili nimfuate. "Mtu huyu yuko wapi?"

Ulikuwa mkanda wa video wa dakika nne, muziki wa ngoma kubwa, na jina langu likipita kwa herufi za moto. Nikajiona nikifunga kwa kichwa mpira wa kona. Nikajiona nikifunga penalti. Nikajiona nikipiga shuti lililomgonga beki likaingia. Jezi zilikuwa za rangi tatu tofauti, lakini picha zilikatwakatwa na kupakwa mng'aro hata usingetambua. Magoli yangu yote sita yalikuwemo, ya miaka kumi na moja, yamebanwa pamoja kama mtu aliyefunga kila wiki. Likafuata la saba, zuri kuliko yote, mchezaji anawapita watatu na kuupinda mpira kwenye pembe ya juu.

Goli lile silo langu.

"Nani kakupa?" nikauliza, na huku najua.

Meneja akanitazama kwa mshangao. "Si mjomba wako?"

Nilimrudishia simu yake, nikageukia dirisha mpaka Ibra. Nilikasirika. Wiki ngapi nimekuwa nikijilaumu, nikidhani miguu imekwisha, nikibaki uwanjani baada ya mazoezi kupiga mashuti ambayo sikuwahi kufunzwa kuyapiga!

Ijumaa baada ya sala tulikaa kula. Mkaza mjomba alikuwa amepika wali na nguru wa kupaka. Nilingoja mjomba anawe mikono.

"Mjomba, ule mkanda wa magoli nani ameutengeneza?"

Uso wake ukafunguka. "Umeuona? Mzuri, eh? Siku tatu nimekaa na fundi wa duka la simu."

"Wao wanadhani ni wa msimu mmoja."

"Mimi sikusema msimu mmoja."

"Hukusema pia kwamba si mmoja."

"Hawakuniuliza."

"Kuleni kwanza, samaki anapoa," alisema mkaza mjomba.

"Na goli la mwisho silo langu," nikasema.

Mkono wa mjomba ukasimama juu ya sahani. "Silo lako vipi? Nimekuona kwa macho yangu haya."

"Yule ni Mgambia niliyecheza naye. Tulikuwa weusi wawili timu nzima, mjomba. Wazungu walikuwa wakituchanganya kila siku, na nikawa nawasamehe. Na wewe pia?"

Mkaza mjomba alimtazama mumewe, na nadhani hata yeye alikuwa na hamu ya kusikia jibu. Mjomba akasukuma sahani.

"Wiki nzima nilikutafuta kwenye simu," alisema. "Kila mechi niliyoiona, unapokea, unatoa, unapokea, unatoa. Ningewapelekea nini mimi? Pasi? Nani anamleta mtu kutoka Ulaya aje kutoa pasi? Mama yako akinipigia analia. Ananiambia mwanangu hana kazi, hatoki chumbani, hali chakula. Ningefanyaje? Nilitaka uje."

Hayo ya mama sikuwa nikiyajua. Yalinichoma, na kwa kuwa yalinichoma nikakasirika zaidi, kwa sababu sasa hata hasira yangu ilikuwa imenyang'anywa haki yake. Niliinuka bila kumaliza wali. Ni kosa la adabu ambalo mkaza mjomba amenikumbusha mara nyingi.

Jumapili nilimfuata kocha kabla ya mazoezi, nikamweleza yote. Nilitegemea ashangae. Akawa anafunga kamba za viatu vyake.

"Nilijua tangu wiki ya tatu," alisema. "Wewe ni sita. Sita mzuri. Lakini viongozi walisajili mfungaji. Nikikurudisha nyuma wataniuliza magoli yako wapi, na mimi nina mkataba kama wewe."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo jitahidi ufunge."

Hivyo ndivyo tulivyoendelea, watu wawili tunaoujua ukweli, kila wiki tukiupa kisogo. Nilifunga mara moja, mpira uliogonga goti langu bila mimi kukusudia, na mjomba akagawa halua mtaa mzima.

Mwaka mpya ulipoingia, mwezi wa pili, mchezaji wetu wa nambari sita alifungiwa mechi moja kwa kadi, na wa akiba alikuwa na homa. Tulikuwa tunakwenda kucheza pwani, upande wa Sur, na timu iliyokuwa ikiongoza. Kocha akasoma majina, alipofika sita akainua macho kwenye karatasi, akanitaja mimi.

Siku ile hewa ilikuwa nzito kwa unyevu wa bahari, na jezi ilinigandia mwilini kabla ya kipenga. Mpira wa kwanza ulinijia kutoka kwa kipa. Nikatazama nyuma, kushoto, kulia, na uwanja wote ulikuwa mbele yangu. Sikumbuki kama nilichoka. Nambari kumi wao, mchezaji hodari, nilikuwa nikifika anapotaka kwenda kabla yeye hajafika. Alihamia kushoto nikamkuta kushoto. Kufikia nusu ya kipindi cha pili alikuwa akimlalamikia refa, akiwalalamikia wenzake, na mwisho akanilalamikia mimi mwenyewe. Tulitoka suluhu bila goli. Kocha alinikumbatia kwa nguvu, akanipiga mgongoni mara mbili, akaenda zake.

Mjomba alikuwa amesimama kando ya gari, uso umemshuka.

"Leo hukuonekana kabisa, mwanangu," alisema. "Unaumwa?"

Nikaingia garini.

Wiki iliyofuata mwenye nafasi yake alirudi, nami nikarudishwa mbele. Msimu ulipokwisha, mmoja wa viongozi aliniita ofisini, akanimiminia chai. Aliniambia mimi ni mtu wa heshima, kila mtu ananipenda, lakini nafasi za wageni ni chache na mgeni lazima afunge.

"Mjomba wangu anakaa mtaa wa tatu kutoka hapa," nikamwambia. "Bibi yangu mzaa mama alimfuata huku, na amezikwa hapa hapa Ibra."

"Wewe mtoto wa nyumbani kabisa," alisema, na alisema kwa dhati. "Lakini kwenye fomu wewe ni Denmark."

Nafasi yangu akapewa mshambuliaji wa Kibrazili. Mechi yangu ya mwisho ya kulipwa ikawa ile ya kufunga msimu, ambayo nilitolewa dakika ya hamsini na tano.

Nikisema nimeridhika nitakuwa nadanganya. Nilipata kazi ya kufundisha michezo katika skuli ya watu binafsi mjini Nizwa, na Alkhamisi jioni nacheza mji wa jirani, Bahla, na timu ya mtaa, makarani na wafinyanzi na mwalimu mmoja wa hesabu. Nacheza nambari sita. Hakuna anayejali. Bado nikiona mechi kwenye televisheni macho yangu humfuata yule wa katikati, na bado kuna siku nakaa kitako kitandani nikijiuliza ningekuwa nani lau ule mkanda ungekuwa na pasi.

Mwezi uliopita nilikwenda Ibra kuwatazama. Mjomba amezeeka, magoti yanamsumbua, lakini mpira haachi. Tulikaa kutazama mechi ya Ulaya. Ghafla, macho yake kwenye kioo, akasema, "Hebu nionyeshe. Huyo wa kazi yako ni yupi?"

Sikuamini. Nikasogea karibu na televisheni, nikamwekea kidole. "Huyu. Usiutazame mpira. Mtazame yeye tu. Ona anavyogeuza kichwa. Ona, ameshafunga njia ile, ndiyo maana yule amerudisha nyuma."

"Aa," alisema mjomba. Aliinamia mbele, amekunja uso, akimfuata kwa juhudi ya kweli. Dakika moja, dakika mbili. Nikaanza kumwonyesha namna anavyomwita beki asogee.

Mara uwanja mzima ukalipuka kwa shangwe. Upande wa pili wa kioo mtu alikuwa amekwisha kufunga, anakimbilia kwenye kona huku amevua jezi.

Mjomba akanigeukia, hasira zimempanda. "Umeona sasa?" alisema. "Umenikosesha goli!"