Kichaka Kilichoitikia Salamu

Miezi ile tulikuwa Mafinga, tunafundishwa kujificha. Nchi jirani ilikuwa vitani, na kikosi chetu kilikuwa kinaandaliwa kwenda huko kulinda amani. Mimi nilitaka kwenda kuliko wote. Mtaani kwetu Mwanjelwa nilishajigamba mpaka kinyozi wangu ananiita kamanda. Mama peke yake ndiye aliyekuwa hasemi kitu.

Baridi ya kule haina adabu. Alfajiri ukungu unashuka kwenye mipaina, na ukilala chini kidogo tu hujui tena kama una miguu. Siku ya mtihani tulijipaka matope, tukajivika matawi, tukalala kando ya njia ya kijiji. Mkufunzi alisema atakayegundulika hapandi ndege. Nilijificha nikajificha, hata waliotumwa wakiwa na darubini kututafuta wakanipita.

Akaja bibi mmoja na mzigo wa kuni kichwani. Akasimama, akakitazama kichaka changu, akasema, "Kamwene." Uheheni salamu hiyo hairukwi. Mtu hapitwi kimya, hata akiwa kalala kwenye matope na majani kichwani.

Nikanyamaza. Akarudia, safari hii kwa sauti ya mtu anayeanza kuudhika. Jamani, mimi nimelelewa kwa mwiko wa ugali; usipomwitikia mkubwa, unakupata mgongoni. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Kamwene, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona umelala hapo, unaumwa?"

"Hapana, bibi. Nimejificha."

"Haya, jifiche vizuri basi, mwanangu. Mgongo wote uko nje."

Mkufunzi, aliyekuwa nyuma ya mti, alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka akalikata jina langu.

Wenzangu walipoondoka nilibaki getini nawapungia mkono, na roho iliniuma vibaya. Nikampigia mama simu, nikamweleza yote, nikingoja anipe pole. Akacheka. Akacheka tena, kicheko kikaanza kukatikakatika, ndipo nikatambua kwamba analia.

"Kila asubuhi nilikuwa napita kanisani kuomba wakukatae," akasema. "Nilikuwa naona haya, mama mzima namwomba Mungu mwanangu afeli. Huyo bibi mtafutie kanga nzuri, umpelekee."

Kanga niliipeleka. Nilikuwa bado nimenuna, lakini nilichuchumaa kwa heshima nilipomkabidhi.