Vitabu Sitini na Tatu Ndani ya Kontena la Taka

Jumanne moja ya Novemba, asubuhi na mapema, nikiwa na miaka hamsini na sita na goti bovu, nilipanda nikaingia ndani ya kontena la taka nyuma ya shule yetu.

Sikuwa nimerukwa na akili. Nilifuata vitabu vyangu.

Kona ya kitabu kimoja ilikuwa imechomoza kwenye theluji, juu ya mifuko ya maganda ya machungwa na mabaki ya chakula cha watoto. Niliitambua kabla sijaigusa. Nikavuta. Chini yake kulikuwa na kingine. Na kingine.

Nilitoa vitabu sitini na tatu, vidole vimekufa ganzi. Kumi na kimoja vilikuwa vimelowa hadi kurasa zimegandana. Kimoja kilikuwa kimemwagikiwa maziwa.

Naandika haya hasira haijaniisha, kwa hiyo mnivumilie. Majina ya watoto nimebadilisha. Langu nimeliacha kama lilivyo, maana nastahili.

Naitwa Verna Zupan. Ni mkutubi wa shule katika mji wa machimbo ya chuma kaskazini mwa Minnesota, mji mdogo ambao ukipiga chafya jikoni kwako, watu wa posta wanakutakia afya.

Vitabu vile vyote vilitoka kwenye rafu moja. Rafu ya katuni.

Sisemi vichekesho vya kwenye gazeti. Nasema hadithi nzima nzima, nene, zinazosimuliwa kwa picha. Msichana na mbwa wake wa kuvuta sleji, lile gari la kuteleza juu ya theluji. Ndugu wawili waliopotea kwenye handaki la mgodi. Timu ya wasichana ya mpira wa magongo wa barafuni isiyoshinda hata mechi moja.

Kuna umri, kati ya miaka tisa na kumi na mbili, mtoto anaanza kuona kitabu ni adhabu. Rafu ile ndiyo iliyokuwa inanisaidia kuwashika. Vitabu vingine vilikuwa na watoto kumi na wawili kwenye foleni.

Sasa vilikuwa vinanuka maziwa.

Na mimi nilijua nani kafanya. Au tuseme, nilidhani najua.

Wiki mbili kabla ya hapo kulikuwa na mkutano wa wazazi. Corliss Vukelich, mwenye saluni karibu na posta, mama yake Petra wa darasa la sita, alisimama akauliza kwa nini maktaba inajaza picha badala ya vitabu. Alisema mwanawe ana miaka kumi na moja na hajasoma ukurasa mmoja uliojaa maneno tangu Septemba. Alisema shule imekata tamaa, ndiyo maana inawapa watoto peremende badala ya chakula.

Nilisimama nikamjibu. Niliongea dakika kumi, nikapigiwa makofi. Corliss akakaa chini, uso umemwiva.

Kwa hiyo asubuhi ile, nimesimama kwenye taka mpaka magotini, jina lilinijia lenyewe.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule, Dale Rautio, na theluji kwenye suruali. Akaniambia nitulie, atauliza, atafuatilia, nisiseme kitu kwa mtu yeyote mpaka ajue ukweli.

Nikamwitikia vizuri kabisa. Nikarudi maktaba, nikavipanga vile vitabu sakafuni, nikapiga picha, nikaiweka kwenye ukurasa wa mji wetu mtandaoni.

Jina sikuandika. Niliandika tu kwamba kuna mama mmoja anayekata watu nywele, ambaye aliposhindwa kwa hoja mkutanoni aliamua kushinda kwa kontena la taka.

Mji mzima una saluni moja.

Mpaka saa za chakula cha mchana watu mia tatu walikuwa wameisambaza. Mpaka Jumatano walikuwa mia tisa, wengine wa majimbo ambayo sijawahi kukanyaga. Walimwita mchoma vitabu, ingawa hakuna kitabu kilichoungua. Walimwita mambo ambayo siwezi kuyarudia hapa. Wateja wake wakaanza kupiga simu kufuta miadi, na wengine hawakupiga hata hiyo simu.

Mimi je? Nilikuwa nasoma komenti huku nakunywa kahawa. Niseme ukweli, nilikuwa nasikia raha. Hasira ikishapata watu mia tisa wa kuipigia makofi, unaanza kuiona ni haki.

Alhamisi Corliss akaja maktaba. Hakupiga kelele. Alisimama mbele ya meza yangu na koti lake, mikono mifukoni.

"Verna, mimi nililalamika kwa mdomo wangu, mbele ya watu, jina langu likaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano. Mtu wa namna hiyo ndiye wa kunyemelea kontena la taka?"

"Basi ni nani?"

"Sijui. Na wewe hujui. Tofauti ni kwamba mimi sijaandika nisichokijua."

Nikamwonyesha mlango ulipo.

Ijumaa, saa ya chakula cha mchana, akaja mtoto mmoja wa darasa la sita. Nitamwita Hattie Salo. Mtoto mkimya, baba yake anafanya kazi mgodini, na siku ambazo zamu ya baba inachelewa huwa anakaa maktaba kumsubiri. Petra, binti yake Corliss, ndiye anayekaa naye dawati moja.

Hakuvua koti. Alisimama palepale aliposimama Corliss.

"Bi Zupan, mama yake Petra hajafanya kitu. Ni mimi."

Nilimwambia asimtetee rafiki yake kwa uongo. Ndipo akanieleza yote, pole pole, kama mtu anayesoma orodha. Kwamba Jumatatu, nilipokwenda kwenye kikao cha walimu, alivipakia kwenye toroli langu. Kwamba alikwenda safari tatu kupitia mlango wa nyuma. Kwamba alidhani lori la taka lingepita kabla sijafika. Na kwamba tangu Jumatano hakuna anayekubali kukaa na Petra mezani wakati wa kula, wanamwita mtoto wa mchoma vitabu, na yeye hawezi tena kuvumilia.

Mngetegemea nimhurumie.

Wala. Mori ulinipanda. Hasira iliyokuwa na siku nne iligeuka na kumwangukia mtoto wa miaka kumi na moja. Nilimwambia amewaibia wenzake. Nilimwambia anisikilize, kuna watoto kumi na wawili waliokuwa wakisubiri kitabu kimoja, na yeye amekitupa kwenye maziwa. Nilimuuliza kama ana akili timamu.

Hakulia. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Kwa nini, Hattie?"

"Kwa sababu ulisema si vitabu."

"Nani kasema?"

"Wewe."

Nikacheka, kile kicheko kibaya. Mimi? Mimi niliyesimama mkutanoni dakika kumi?

Akanikumbusha.

Alhamisi ya wiki iliyotangulia, darasa la sita walikuwa wamejipanga mstari, kila mtu na kitabu chake mkononi. Hattie alikuwa na kile cha msichana na mbwa wa sleji, kwa mara ya nne. Nikakichukua mikononi mwake. Nikakiinua juu, darasa zima wakione. Nikasema, "Hattie, una miaka kumi na moja. Kitabu cha kweli utasoma lini?"

Darasa likaangua kicheko. Tangu siku hiyo wakaanza kumwita Picha.

Kisha, ili nionekane mwalimu mzuri, nikampa kitabu kingine, kinene, chenye nembo ya tuzo kwenye jalada. Alikwenda nacho nyumbani. Alifika ukurasa wa kumi na tisa. Akaona haelewi, akaanza upya. Akafika kumi na tisa tena. Jumapili jioni akaamua kwamba yeye ni mjinga.

"Nikaona vile vya picha visingekuwepo, nisingevitaka," akasema. "Na wasingenicheka."

Mimi nilikuwa nimeshasahau kabisa. Yeye alikumbuka mpaka sweta niliyovaa.

Nilinywea. Nilikaa kwenye kiti changu nikanywea kama puto.

Maana nilijua kwa nini nilisema vile. Maneno ya Corliss yalikuwa yamenichoma. Mkutanoni nilivitetea vile vitabu nikiwa nimesimama, lakini moyoni nilivionea aibu. Niliona watu watadhani nalea wavivu. Kwa hiyo nikamtafuta mtoto wa kumnyoosha, na nikamtafuta yule asiyejibu.

Corliss alisema yake kwa watu wazima wenzake. Mimi yangu niliyamalizia kwa mtoto.

Jioni ile niliandika upya kwenye ukurasa wa mji. Niliandika kwamba Corliss hakuhusika hata kidogo, kwamba aliyevitupa ni mtoto niliyekuwa nimemwaibisha, kwamba niliyeanzisha yote ni mimi, na kwamba naomba radhi.

Ile ya uongo ilisambazwa na watu mia tisa. Ile ya kweli ilisambazwa na kumi na wanne. Waliokomenti, karibu wote walitaka jina la mtoto.

Sikulitoa. Dale Rautio alimwita Hattie na baba yake, tukazungumza sisi wanne tu, mlango umefungwa. Kisha akaniandikia barua ya onyo kwa kukaidi maagizo. Niliisaini bila kubisha.

Jumamosi nikaenda saluni. Viti viwili, vyote vitupu. Corliss alikuwa anafagia sakafu ambayo haikuwa na unywele hata mmoja. Nikasema yote niliyokuja kuyasema. Hakuacha kufagia.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Petra amekula peke yake siku tatu. Hilo nalo ukaliandike."

Nikaliandika, na leo naliandika tena. Hajanisamehe. Tukikutana dukani ananiinamishia kichwa kidogo, basi. Sidhani kama namdai zaidi ya hapo, wala sidhani kama nina haki ya kuomba zaidi.

Hattie alimweleza Petra mwenyewe. Petra alinuna wiki moja, kisha wakarudi kukaa pamoja. Watoto wametushinda kwa hilo.

Lakini vitabu, Hattie aliacha.

Desemba yote hakuazima hata kimoja. Januari vivyo hivyo. Alikuwa anakaa maktaba kumsubiri baba yake, mikono juu ya meza, anatazama dirisha. Nilijaribu ujanja wangu wote. Niliweka kitabu karibu naye kama mtu anayetega panya. Nilimuuliza anapenda nini, akasema hapendi kitu. Nilimsomea sifa za vitabu mpaka nikajichosha.

Kila nilipokataliwa nilikasirika, na safari hii nilijua wa kumkasirikia.

Siku moja ya Februari nikakichukua kile kilichomwagikiwa maziwa, kilekile cha msichana na mbwa wa sleji. Kurasa zilikuwa zimekauka zikakakamaa. Nikakaa karibu naye nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu.

"Hattie, vitabu hivi nimevitetea miaka sita. Sijawahi kusoma hata kimoja mpaka mwisho. Naona picha zinanichanganya. Nisaidie."

Alinitazama kuona kama namfanyia mzaha. Kisha akasogeza kiti.

Nikaanza. Nikasoma maneno, nikafungua ukurasa. Nikasoma, nikafungua.

"Umeruka," akasema.

"Nimesoma yote."

"Umesoma maneno. Hapa anamwambia baba yake kwamba haogopi. Tazama mikono yake."

Nikatazama. Ndani ya glavu, vidole vya yule msichana vilikuwa vimekunjwa. Mbwa aliye karibu naye alikuwa ameviona, ameinua sikio. Mimi nilikuwa nimepita nisione kitu.

Tulikwenda kurasa sita kwa dakika arobaini. Alinionyesha kisanduku cha picha kisicho na neno hata moja, akaniuliza mama wa yule msichana ameenda wapi. Sikujua. Yeye alijua. Alinyoosha kidole kwenye ndoano ya koti iliyo tupu ukutani.

Huyu ndiye niliyemwambia asome kitabu cha kweli.

Baada ya hapo nilibadili mambo maktabani, bila kumwomba mtu ruhusa. Mtoto anachukua anachotaka. Akifika ukurasa wa kumi kikamkinaisha, anarudisha na haulizwi. Akikipenda, simuulizi amejifunza nini, namuuliza ni wapi alirudia kusoma mara mbili. Hapo ndipo wanapofunguka, hata wale wagumu. Na akitaka kusoma kilekile mara ya tano, namgongea muhuri wa kuazima.

Aprili, Hattie alijichukulia mwenyewe kitabu cha meli zilizozama ziwani. Kinene, picha hamna. Alikaa nacho wiki saba. Alipokirudisha nilikuwa nimejiandaa na hotuba nzima ya pongezi.

Akaniwekea mezani, akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya katuni, akarudi na kile cha mbwa wa sleji.

Niliuma ulimi. Nikagonga muhuri.

Kwa hiyo wewe mzazi, wewe mwalimu, wewe mjomba unayejifanya unajua, nisikilize. Watoto wengi wa umri huu hawaachi vitabu kwa sababu ya simu, wala kwa sababu ya picha. Wanaacha siku mtu mzima wanayemheshimu anapowaaibisha kwa wanachokipenda, na mara nyingi mtu huyo hata hakumbuki kama alisema kitu.

Ukimkuta mtoto amejikunja kwenye kona na kitabu, kiwe chembamba, kiwe cha katuni, kiwe kile alichosoma mwaka jana, usiulize ni cha darasa la ngapi.

Nyamaza, upite.