Marufuku Kukunja Uso

Fundi wa mabango wa ofisi ya jiji walimwita Marufuku, maana kila katazo la mjini lilitoka kwenye brashi yake. Usipite, usikae, usikojoe hapa. Hakuwahi kumsikia mtu akiuliza kwa nini. Wakiona maandishi mekundu, basi, kwisha habari. Utii huo ulimkera mpaka siku moja uvumilivu ukamwishia. Alipaka bango la kwake, akawahi asubuhi na kuligongomea kwenye lango la ofisi: NI MARUFUKU KUKUNJA USO ENEO HILI.

Alitaka walau mtu mmoja acheke, aling'oe. Wapi! Watu walisoma, wakatengeneza nyuso, wakapita wakitabasamu. Hata aliyetoka kuzika alitabasamu.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia Marufuku. Ikijulikana katazo amelitunga mwenyewe bila idhini, kazi hana, na nyumba aliyokaa na mkewe ilikuwa ya ofisi.

"Wananijua," alimnong'oneza mkewe jikoni. "Leo mhasibu kanichekea, yule asiyenisalimia miaka yote!"

"Si bango lako linamlazimisha? Unajishuku nini wewe?"

Hakusikia. Kikulacho ki nguoni mwako. Alianza kumchunguza hata mchanganya rangi wake, aliyekuwa akipiga mluzi kupita kiasi. Kila jino lililoonekana ofisini aliliona limemchekea yeye.

Kisha bosi akamwita. Naye alikuwa anatabasamu, na tabasamu la bosi lina mambo.

"Lile bango la langoni, nani kaliidhinisha?"

"Lilitoka... juu, bosi."

"Nilijua tu! Wakubwa wameshanipongeza, na mimi sikukataa. Sasa tengeneza mengine, kila mlango. Mlinzi nimeshamwagiza: asiyetii haingii, na akirudia anafukuzwa."

Marufuku alitoka akiwaza. Huu ni mtego, wanataka aendelee mpaka ajinase mwenyewe. Alifuata rangi stoo ya nje, akarudi na kopo mkononi, nyusi zimegongana. Langoni mlinzi akamzuia kwa rungu.

"Fundi, bango hulioni?"

"Hebu nipishe! Lile bango ni mimi ndiye..."

Dirishani juu, bosi alikuwa amesimama akiwatazama. Marufuku alikumbuka nyumba, akamkumbuka mkewe, akatabasamu.

"Bado," mlinzi akasema. "Meno yaonekane."