Karanga za Minisitiri

Kila ninapopata harufu ya karanga zinazokaangwa kwa chumvi, narudi stesheni ya Likasi.

Ilikuwa ile miaka ya tisini, kila kitu kilipokuwa kikiporomoka. Wenyeji walituambia turudi "kwetu" Kasai, jimbo la wazazi wetu, ambako mimi na mdogo wangu Mbuyi hatukuwahi kufika; tulizaliwa Panda, mtaa wa Likasi, kwenye kambi ya wafanyakazi. Nyumba yetu ilishaingiwa na watu wengine, na gari la moshi halikuja. Kurudi hakuna, kwenda hakuna. Wanasema subira huvuta heri. Pale stesheni ilivuta mbu na kuhara.

Wenzetu walibeba sufuria na magodoro. Baba, fundi mitambo aliyependa kucheka, alibeba riwaya tatu za mwandishi mmoja aliyewadhihaki wakubwa hadi jina lake likawa la kunong'onwa. Mama alibeba gunia la karanga. Alipokosa karatasi za kufungia, alivitazama vitabu vya baba. Baba akatoa riwaya ya kwanza, kisha ya pili.

Basi wateja wakawa wasomaji. Mtu alitafuna karanga, akasoma karatasi, akarudi kutaka ukurasa unaofuata.

"Mama Mbuyi, unipatie za minisitiri!" Yaani za kitabu cha waziri aliyekwama ndani ya lifti aliyoizindua mwenyewe.

"Weye hauna akili," mwingine alidakia, akimaanisha chifu wa riwaya ya pili, "ile ya shefu aliyekataza mvua ndiyo inapita yote!"

Waligombana kwelikweli, watu wasio na paa.

Riwaya ya tatu, kipenzi cha baba, ilihusu mfalme aliyewafungia watu wake ndani ya ukuta, kisha akapoteza ufunguo. Hiyo aliificha ndani ya koti. Lakini Mbuyi akashikwa na homa, na karatasi za riwaya mbili zilikuwa zimekwisha. Bila kuuza karanga hakuna dawa, na kwa hofu ya kuhara hakuna aliyekubali kuzipokea bila karatasi.

"Papa Mbuyi, mutoto akufe juu ya kitabu?" mama alimuuliza.

"Acha nibasomee kwanza," baba alijibu.

Akapanda juu ya sanduku letu, akasoma, kila ukurasa akiuchana na kumpa mama. Watu walishika mbavu kwa kicheko. Mwishoni mwa hadithi msichana mdogo alilisukuma lango, kumbe halikuwahi kufungwa, na watu wakatoka wakiimba. Stesheni nzima ilipiga makofi. Ukurasa ule wa mwisho baba aliukunja, akautia ndani ya kiatu. Mama alimgombeza kwa ubahili wake.

Mbuyi alipona, na gari likaja hatimaye.

Miaka mingi baadaye, baba akiwa ameshafariki, niliikuta riwaya ile kwenye maktaba ya parokia, kule Mbuji-Mayi, Kasai. Nilikimbilia mwisho. Msichana hakuwamo. Mfalme anakufa, ufunguo haupatikani, watu wanazikwa mmoja mmoja chini ya ukuta. Nililia palepale, mbele ya sista. Baba aliusoma mwisho ule kwa macho, mdomo wake ukatunga mwingine, kisha akauficha ule wa kweli kiatuni asije mtu akala karanga akaukuta.

Ukiniuliza ni riwaya gani ya mwandishi yule ninayoipenda kuliko zote, nitakujibu ile ya mfalme, kama alivyoisoma baba.